Hotuba ya Kamati ya Hekalu Wakati wa Kukabidhi Gari la Wagonjwa



Gari mnaloliona pale uani, lenye shada la maua mbele, ni la pili tunalolitoa kwa hospitali hii. La kwanza hatulitaji sana, nasi tumeona leo ndiyo siku ya kulitaja. Lilipokelewa kwa picha nyingi na hotuba ndefu kuliko hii. Baada ya masika chache lilikuwa nyuma ya ghala la hospitali, juu ya mawe, halina matairi, na kuku wakitaga ndani yake. Ujumbe wetu uliokwenda kulitazama ulikasirika, ukidai kwamba zawadi yetu haikutunzwa. Ndipo muuguzi mmoja alipotuuliza kwa upole, "Ndugu zetu, mlitupa gari. Mafuta yake mlidhani yatatoka wapi?" Hatukuwa na jibu. Tena lilikuwa gari la mjini, lenye tumbo la chini, tulilolichagua kwa kuwa lilipendeza. Kosa lilikuwa letu.

Wataalamu wa afya ya uzazi, tangu 1994, wamezoea kutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaomuua mama mjamzito: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Gari hutibu huo wa kati tu. Lakini mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huweza kufariki ndani ya saa mbili, na wengi wenu mliokulia vijijini mnajua saa mbili ni nini juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa mabegani, au nyuma ya pikipiki kwenye udongo mweusi wa masika.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika mpango wa m-mama, mhudumu wa zahanati hupiga namba 115 bila malipo, na pale gari la wagonjwa linapokosekana huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, akalipwa nauli yake. Sisi wafanyabiashara tulipaswa kulielewa hilo mapema kuliko wengine: teksi yenye mafuta humfikisha mgonjwa, gari la wagonjwa lisilo na mafuta halimfikishi.

Kwa hiyo safari hii tuliuliza kwanza. Hospitali ilitaka Land Cruiser, kwa sababu mafundi wa pale wanaijua na vipuri vyake hupatikana hata mikoani. Ilitaka machela, mtungi wa oksijeni na mkanda wa kumfunga mgonjwa, si taa nyingi. Kina mama wa hekalu, waliokaanga bajia kila Jumapili hadi mafuta yakawachoma mikono, ndio waliolipia machela hiyo. Tunawashukuru, nao wanajua kwamba hatuwashukuru kwa maneno matupu, kwani masufuria tumeosha sisi.

Majina ya wafadhili hayakuandikwa mlangoni. Wapo waliolalamika, na mmoja wao ni mjumbe wa kamati hii. Fedha ya maandishi hayo imenunua matairi mawili ya akiba.

Kilichobaki ni mafuta, matengenezo na posho ya dereva wa usiku. Tumeahidi miaka mitano. Fedha tuliyo nayo inatosha mwaka wa kwanza tu. Daftari la ahadi liko mezani, karibu na mlango wa jikoni. Wenye gereji na maduka ya vipuri, ukurasa wenu ni wa pili, nasi tutaupitia jioni hii kabla ya chakula.

Mganga Mfawidhi, karibu upokee funguo. Tangi limejaa.