Mali bila Daftari: Kuunganisha Barua Pepe na Simu ya Umoja Wetu

Hotuba ya kamati ndogo ya kumbukumbu na mawasiliano katika mkutano wa mwaka



Kamati yetu imepewa dakika chache kueleza jambo ambalo si tofali wala bati, lakini likikosekana tofali na bati havifiki. Tunaanza kwa kukiri kosa letu.

Mwaka jana tulisoma hadharani majina ya waliochangia paa la bweni la wasichana. Mama mmoja, mwenzetu anayeishi mbali na nyumbani, alikuwa ametuma shilingi 50,000 kwa simu. Pesa zilifika. Ila ujumbe wa kutuarifu aliutuma kwa mjumbe mmoja ambaye simu yake iliharibika wiki ileile. Jina lake halikusomwa. Hakulalamika. Alinyamaza tu, na awamu ya pili hakutuma kitu. Tulipomfuata alituambia, "Nilidhani zimeliwa." Hazikuliwa, ndugu zetu. Zilikuwepo, zimeandikwa chini ya "mchangiaji asiyejulikana". Tulimwomba radhi na akatusamehe. Lakini tumebaki tukijiuliza: ni wangapi wamenyamaza bila sisi kuwafuata?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi shida yetu si kukosa daftari, tunayo matano. Taarifa za benki huja kwa barua pepe ya umoja. Miamala ya simu huingia kwa meseji kwenye simu ya mweka hazina. Ahadi hutolewa kwenye kundi la WhatsApp. Wazee wa Laela, Matai na Namanyere humpigia katibu. Halafu lipo daftari lenyewe la karatasi. Mweka hazina wetu, akishatoka kwenye shughuli zake za mchana, ndiye hukaa usiku kunakili kutoka huku kwenda kule. Akiugua, hesabu nayo inaugua.

Siku hizi zipo programu za kuunganisha programu nyingine zifanye kazi pamoja. Mojawapo ni Zapier, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011, na ziko nyingine za namna hiyo. Huhitaji kujua kuandika programu za kompyuta. Unachagua kwenye kioo, na kanuni yote ni sentensi moja: kitu fulani kikitokea hapa, fanya kitu fulani pale. Sisi ni watu wa mji ambao jina lake lenyewe linasema tupa uchawi, kwa hiyo tuseme wazi: hakuna muujiza hapa. Ni tarishi asiyechoka, basi.

Kwetu itakuwa hivi. Ukishatuma mchango, unajaza fomu moja fupi kwenye simu: jina, kata unayotoka, kiasi, na namba ya muamala. Ukibonyeza kutuma, mstari mpya unajiandika wenyewe kwenye jedwali la umoja. Papo hapo unapata barua pepe inayosema: tumepata taarifa yako, tunaihakiki. Mweka hazina naye anapata barua pepe kwamba kuna mchango wa kuhakiki. Anafungua taarifa ya benki au ya simu, anaiona pesa kwa macho yake, kisha anaandika "imehakikiwa" kwenye ule mstari. Neno hilo ndilo linaloamsha hatua ya mwisho: stakabadhi inakujia, na jina lako linaingia kwenye orodha ya kusomwa.

Tunaomba mtofautishe ujumbe hizo mbili. Wa kwanza si stakabadhi. Mashine inajua tu kwamba umejaza fomu. Haijui kama pesa imeingia. Kazi ya kuhakiki inabaki kwa binadamu tuliyemchagua.

Wengi mtauliza kuhusu WhatsApp, maana ndiko tunakoishi. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, ni ya bure, na tutaiweka kwenye laini ya umoja. Ina salamu za kujijibu, majibu ya haraka yaliyoandaliwa, na alama za kupanga wateja. Kwetu zitapanga wachangiaji. Mtu akituandikia "nataka kuchangia", atapata kiungo cha fomu bila kumsubiri katibu. Lakini kutuma stakabadhi kwa WhatsApp moja kwa moja kutoka kwenye jedwali kunahitaji huduma yao nyingine ya kibiashara, ambayo ina usajili wake, ina gharama za ujumbe, na maneno ya ujumbe wa kuanzisha mazungumzo lazima yaidhinishwe kwanza. Tumeona tusikimbilie huko. Tuanze na barua pepe, tukizoea tutaendelea.

Na mzee wa Mtowisa au Kasanga mwenye kitochi? Hatutamwacha. Mjumbe wa kata atamjazia fomu mbele yake, na mchango ukishahakikiwa atapigiwa simu au kutumiwa meseji ya kawaida.

Tumeujaribu mpango huu kwa michango ya wanakamati wenyewe, na umetufundisha. Siku moja tulibadilisha nenosiri la barua pepe, muunganisho ukakatika, na zilipita siku 4 bila yeyote kugundua. Mashine haikupiga kelele. Ilinyamaza kama yule mama. Kwa hiyo tumeweka masharti matatu.

Kwanza, kila Jumamosi mweka hazina na mjumbe mmoja watalinganisha jumla ya jedwali na taarifa ya benki na ya simu. Zikipishana hata kwa shilingi 1,000, watatafuta sababu siku hiyohiyo.

Pili, akaunti zote ni za umoja, si za mtu. Watu wawili watakuwa na nenosiri, na uongozi ukibadilika linabadilishwa, kisha muunganisho unajaribiwa upya.

Tatu, tutalinda taarifa zenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu na sisi tunaokusanya majina na namba za simu za watu. Fomu haitauliza tusichokihitaji, na asiyetaka jina lake lisomwe ataheshimiwa. Tena tuwakumbushe: ujumbe wa umoja hautakuomba namba ya siri kamwe, wala hautakwambia "ile pesa itume kwa namba hii". Ukipata wa hivyo, ni tapeli. Mpigie katibu.

Wazee wetu walipolima intumba walifukia majani chini ya tuta, wakapanda maharage juu yake, na msimu uliofuata wakalisambaza tuta likiwa limeshakuwa mbolea. Kazi ya mwaka mmoja ililisha mwaka wa pili. Kumbukumbu zetu zimekuwa kinyume: kila mwaka tunaanza na shamba tupu, tukitafuta upya namba za watu walewale. Jedwali moja likitunzwa vizuri, mwakani tutajua nani alichangia, nani aliahidi, na nani tumshukuru kabla ya kumwomba tena.

Maombi yetu ni machache. Tunahitaji kompyuta mpakato moja kwa ofisi ya Sumbawanga, laini na simu ya umoja, na pesa ya bando na ada ya programu kwa mwaka mmoja. Tunahitaji vijana wawili wa kujitolea kukaa na wajumbe wa kata hadi wazoee. Na kwako wewe unayechangia bweni mwaka huu: ukishatuma, jaza fomu. Ikipita wiki hujapata stakabadhi, tafadhali usinyamaze. Tuulize, hata mara tatu.

Paa lile bado lina upande mmoja haujaezekwa, na mvua za kwetu mnazijua. Yule mama ameshatuma tena. Safari hii jina lake limo.