Watoto Waliotoka Vitani ni Watoto wa Nani?
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ziwa la Ng'ombe



Hesabu za mwaka mmekwisha kusomewa na Mtunza Hazina, nasi hatutazirudia. Kamati imetuagiza tunene juu ya jambo moja lililoleta mabishano marefu, yaani kama fedha za chama zaweza kutumiwa kwa watoto ambao wazazi wao si wanachama, nao wamefika mtaani petu kwa kukimbia vita na fujo.

Wapo waliosema kwamba chama hiki ni cha kuzikana na kusaidiana katika maradhi, na kwamba mtoto wa mkimbizi ana Serikali ya kumwangalia na mashirika ya kumlisha. Neno hilo si la upuuzi. Mfuko wetu ni mdogo, na mjane wa mwanachama hawezi kuambiwa angoje. Hata hivyo twaomba msikilize kwanza mambo yaliyopata kutokea, mengine karibu sana na hapa tulipokaa.

Kila mmoja wetu apitaye Kengeleni huiona kengele iliyopapa mahali pale jina lake. Mwaka 1875 misheni ya CMS ilianzisha Frere Town, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Walioletwa pale walikuwa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na wengi wao watoto, waliotekwa katika vita na uvamizi wa bara, wasioijua tena njia ya kurudi kwao. Wazao wao ni jirani zetu hata leo. Basi Kisauni hii, tangu zamani, ni nchi iliyolea watoto wa wenyewe.

Katika miaka ya mwanzo ya 1990 ndugu zetu wa Somalia walikaa kambini Utange, mwendo mfupi kutoka hapa. Kisha ikaja tarehe 13 Agosti 1997, na hii wengi wenu mwaikumbuka pasipo kukumbushwa. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na watu wapatao 100,000 wakahama makwao. Maelfu walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni, wakalala uwanjani pamoja na watoto wao. Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza mambo hayo, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002.

Twapenda wazee wetu waangalie jambo moja katika habari hiyo. Waliokimbia walikuwa na watoto. Lakini na waliovamia, wengi wao walikuwa vijana wasio na kazi, waliolishwa viapo msituni na kuahidiwa mashamba na ajira. Vita hula watoto kwa midomo miwili: huwafukuza hawa na kuwaajiri wale. Nasi hatuna haja ya kwenda Likoni kuutafuta mdomo wa pili. Jina la Kisauni limeandikwa magazetini mara nyingi kwa ajili ya makundi ya vijana wenye mapanga, na katika waliokamatwa wamekuwamo wasiotimiza miaka 18.

Je, wenzetu waliopatwa na makubwa kuliko haya walifanyaje? Tutasema habari za Uganda ya kaskazini, maana huko vita vya waasi wa Kony vilidumu karibu miaka 20, na watoto ndio waliotekwa wawe askari.

Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 wasichana 139 walichukuliwa katika shule ya St. Mary's, Aboke. Sista Rachele Fassera, mwalimu wao, aliwafuata waasi porini akiwa na mwalimu mmoja mwanamume, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi. Hapo wazazi wao wangaliweza kukaa, kila mmoja nyumbani kwake, akamlilia wake. Hawakufanya hivyo. Walikusanyika wakaunda chama chao, wakadai watoto wote waliotekwa, hata wa vijiji visivyo na shule wala mtu wa kuwasemea. Mama mmoja wa chama hicho, Angelina Atyam, aliahidiwa na waasi kurudishiwa binti yake ikiwa atanyamaza. Akakataa, kwa kuwa wengine wangebaki.

Kadhalika viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, waliungana. Wakati huo watoto kwa maelfu walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu, wasije wakatekwa. Mwezi wa Juni 2003 Askofu Mkuu Odama na wenzake walikwenda kulala nao chini, kwenye kituo cha mabasi, siku nne. Na mtoto aliyeponyoka vitani, baada ya kupokewa na kutibiwa katika vituo kama kile cha GUSCO kilichoanzishwa Gulu mwaka 1994, wazee wa ukoo walimngoja mlangoni akanyage yai bichi, ndipo aingie nyumbani. Kituo chaweza kumpa dawa na nguo. Kumwita tena mwana wa nyumba ni kazi ya wazee peke yao, na hakuna shirika liwezalo kuifanya badala yao.

Rwanda nako, baada ya mauaji ya 1994, watoto kwa makumi ya maelfu walipotezana na wazazi. Mashirika mengi yalikubaliana kuwaandikisha, na picha zao zikabandikwa makambini ili jamaa wawatambue. Sisi makarani twaelewa kwa nini jambo hilo lilifaa: mtoto asiyeandikwa popote hana wa kumwuliza alikokwenda.

Basi shauri la Kamati ni hili. Katika kila shilingi mia ya michango, shilingi kumi zitengwe kwa watoto hawa, wawe wa wanachama au sivyo. Liwekwe daftari moja, si daftari la msikiti, la kanisa na la shule kila moja mbali. Wazee wa nyumba kumi walete majina, mwalimu mkuu aseme nani hafiki darasani, na asiye na cheti cha kuzaliwa asaidiwe kukipata. Daftari lifungiwe, lisisomwe barazani, maana siri ya mtoto si habari ya kahawani. Palipo na mateso, afisa wa watoto apewe habari siku ile ile, au ipigwe simu ya 116, ambayo haina malipo. Sheria ya Watoto ya 2022 ipo. Wa kuifikisha mlangoni ndio wachache.

Juu ya vijana wanaotaka kuyaacha mapanga, Kamati haikupatana. Wengine waliogopa, nao wana haki ya kuogopa, maana wamo walioumizwa. Sisi twaomba wazee sita, watatu wanaume na watatu wanawake, wakubali kuwapokea pamoja na wazazi wao na kuwasikiliza, kabla mkutano haujaamua zaidi.

Karatasi ya majina iko mezani, mkono wa kulia wa Mwenyekiti. Kura itapigwa baada ya sala ya adhuhuri.