Jiwe Lenye Tundu: Neno "Shoka" na Ushahidi wa Kale

Mkulima wa Usagara, karibu na Mwanza, akifukua jiwe la mviringo lenye tundu katikati, huenda akaliita shoka la wahenga. Jina hilo lafaa kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Shoka la jadi la wahunzi wa Kanda ya Ziwa halina tundu. Chuma chake hufuliwa kiwe na mkia mwembamba, na mkia huo ndio upenyao kichwa cha mpini. Tundu limo katika mti. Shoka la chuma lenye tundu ni la kiwandani. Kwa hiyo anayeona tundu akasema "shoka" huyasoma mambo ya kale kwa macho ya leo.

Wanaakiolojia huyatambua mawe mengi ya aina hiyo, Afrika Mashariki na Kusini, kuwa uzito uliovikwa kwenye muo, yaani mti wa kuchimbia. Kinyume chake, zana alizoziokota mwanafunzi mmoja huko Isimila, Iringa, mwaka 1951 huitwa mashoka ya mkono, ingawa hazina tundu wala mpini. Uokotaji huo uliwavuta wataalamu, na F. Clark Howell akachimba hapo mwaka 1957 na 1958.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka mwokotaji atoe taarifa. Taarifa na itaje mahali, kina na vilivyokuwa kando ya jiwe. Jina laweza kusubiri. Jiwe likiondolewa shambani kimyakimya, tundu hubaki, ushahidi hutoweka.