Shilingi Iliyosuguliwa Majivu

Hapa kwetu Kapkatet redio ndogo huenda shambani pamoja na kikapu.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alinifuata akiwa ameficha kitu chini ya leso yake. Kilikuwa kopo la Kimbo, na ndani yake mlikuwa na sarafu 31 za marehemu mama mkwe wake. Akaniambia, “Mwalimu, wewe unazijua hizi pesa za zamani. Niambie kweli. Kuna mtu anazitaka.”

Mtu huyo alikuwa sauti tu ya simu. Alikuwa amemwambia kijana wake kwamba shilingi moja ya mfalme inaweza kununua ng'ombe wa maziwa, lakini kwanza zitumwe shilingi elfu sita za kusajili sarafu. Mama hakuwa na elfu sita. Alikuwa na mtamba mmoja zizini, na mtoto wa kidato cha pili aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mnunuzi wa mtamba alikuwa aje Jumanne.

Tulikwenda tukaketi kwenye benchi la kituo cha kuuzia majani, kwa sababu siku ile hapakuwa na watu. Nikatoa kioo changu cha kukuzia, nikatandika kitambaa, nikaanza kumwonyesha jinsi sarafu inavyopimwa hali yake. Nanyi wasikilizaji nawaeleza vivyo hivyo, kwa maana makopo kama lile yamo katika nyumba nyingi.

Sarafu hushikwa ukingoni kwa vidole viwili, wala hugusi uso wake, kwa sababu jasho la mkono hula madini. Kisha unatafuta mahali palipoinuka kuliko pengine pote. Sarafu ikitembea toka mkono hadi mkono, mfuko hadi mfuko, palipoinuka ndipo panapolika kwanza. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ina simba aliyesimama mbele ya milima. Basi mtazame simba yule. Manyoya ya shingo yakionekana moja moja, shilingi haijafanya kazi nyingi. Manyoya yakiwa yameshikamana kama udongo uliokanyagwa, imezunguka miaka. Simba akibaki kama kivuli tu, hapo imechoka. Upande wa mfalme ni vivyo hivyo: angalia nywele, angalia sikio na nyusi.

Wapimaji wana majina yao ya ngazi hizo, na ukiyaweka kwa Kiswahili yanachekesha kidogo. Sarafu wanayoiita “nzuri” iko karibu na chini kabisa! Ni ile ambayo umbo lake latambulika lakini mapambo yake yamekwisha. Juu yake kuna “nzuri sana”, kisha “safi”, “safi sana”, “safi kabisa”, mpaka ile ambayo haijatumika hata siku moja. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba sarafu yako ni nzuri, usikimbilie kuchinja kuku.

Zipo pia namba. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akaweka kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Namba 1 ni sarafu iliyolika hata unatambua kwa shida ni ya aina gani. Kuanzia 60 ni zile ambazo hazikupata kutumika, na 70 haina dosari hata chini ya kioo. Kipimo hicho ndicho kinachotumika Marekani hadi leo, na tangu miaka ya 1980 yako makampuni yanayopima sarafu na kuzifungia ndani ya plastiki pamoja na namba yake.

Lakini sikilizeni mambo ya mtu huyo. Sheldon alifariki mwaka 1977, na baadaye ilijulikana kwamba alikuwa akibadilisha sarafu katika hazina ya Chama cha Sarafu cha Marekani, mjini New York. Alichukua zilizo bora, akaacha mahali pake zilizo duni za aina ile ile. Yeye aliyewafundisha watu kutofautisha 30 na 40 ndiye aliyeitumia tofauti hiyo kuiba. Mimi jambo hilo lilinisumbua sana nilipolisoma, kwa sababu kioo ninachokitumia ni cha kipimo chake.

Katika Mithali, sura ya 20 mstari wa 14, tunaambiwa habari za mnunuzi anayeidharau bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu. Suleimani hakutaja sarafu, lakini aliujua ugonjwa wenyewe. Anayenunua huiona sarafu imelika; anayeuza huyaona manyoya ya simba hata pale yasipokuwapo. Sisi wa majani chai tusicheke. Nani kati yetu hajaona kikapu chenye majani mawili na chipukizi juu, na majani magumu chini? Karani akikitikisa kikapu, tunasema kwamba ana chuki.

Nikarudi kwenye kopo. Nyingi zilikuwa senti kumi zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zikilizunguka, zile ambazo wazee wetu walizitunga kwenye kamba. Moja yazo ilikuwa ya mwaka 1936, na jina la Edward wa Nane. Kijana, ambaye alikuwa amefika sasa, akaruka: “Huyo ni mfalme aliyetawala mwaka usiotimia! Ndiyo yenyewe!” Ni kweli kwamba aliacha kiti mwezi Desemba mwaka ule ule. Lakini senti za tundu hazikuhitaji picha ya mfalme, ila jina lake tu, kwa hiyo zilipigwa mapema na kwa wingi, na bado ziko tele. Mfalme alikuwa adimu, senti yake si adimu. Hali yake nayo ilikuwa ile “nzuri” niliyowaambia.

Kisha nikaona shilingi nne zinazong'aa kama sufuria ya harusi. Nikauliza zimefanywa nini. Kijana akajibu kwa furaha kwamba amezisugua kwa majivu ili mnunuzi avutiwe.

Niliweka kioo chini nikanyamaza kidogo. Moja kati ya hizo ilikuwa ya mwaka 1924. Shilingi za wakati ule zilikuwa na robo ya fedha halisi, na mpaka mwaka 1946 ziliendelea hivyo. Nikiisogeza karibu na macho niliona manyoya ya simba, hata mikunjo ya milima. Ingefika ngazi ya “safi sana”, pengine zaidi, nayo ndiyo pekee katika kopo lote ambayo mkusanyaji angeitamani. Ila sasa uso wake wote ulikuwa na mikwaruzo myembamba, mistari ya majivu. Sarafu mpya ina mng'ao wa kiwandani. Ukiigeuza chini ya taa, mwanga huzunguka juu yake kama gurudumu. Sarafu ya zamani ina weusi wake, ambao ni ngozi yake. Sarafu iliyosuguliwa haina hiki wala kile. Inang'aa kwa namna ya kufa, na mpimaji yeyote ataijua mara moja, ataandika kwamba imesafishwa, na thamani itashuka. Wala hakuna dawa. Ngozi hiyo haishoneki tena.

Je, nimwambie? Kijana alikuwa amefanya kwa nia ya kumsaidia mama yake. Na ningesema uongo kwa wepisho sana, maana hapakuwa na mwingine wa kunipinga. Nilimwambia. Aliinamisha kichwa, akaanza kuchezea kamba ya kiatu. Mama yake akasema, “Hata mimi nisingejua, mwanangu. Ningekupa majivu mwenyewe.”

Kisha nikamweleza mama yale yaliyobaki. Shilingi hizi hazipokelewi dukani tangu mwaka 1969, baada ya Kenya kuwa na fedha yake mwaka 1966. Mkusanyaji angezinunua, lakini kwa bei ndogo. Zote pamoja zisingelipa karo ya muhula, sembuse ng'ombe. Na mnunuzi wa kweli huitazama sarafu kwanza, halafu hutoa pesa yeye. Hamwambii muuzaji atume. Mama akamwomba kijana simu, akaifuta namba ile mbele yangu. Jumanne mnunuzi wa mtamba alipokuja aliambiwa arudi zake. Karo tulikwenda kuizungumza shuleni, ikakubaliwa ilipwe kidogo kidogo mpaka bonasi ya majani itoke.

Ilibaki sarafu moja ambayo sikuwa nimeigusa. Ilikuwa shilingi iliyotobolewa kwa msumari karibu na ukingo, imelika pande zote mbili, simba hayupo tena. Nikasema kama mpimaji asemavyo, kwamba hii imetobolewa, haina ngazi, iweke kando.

Mama akaichukua kitambaani. “Hii aliivaa baba yao shingoni alipokuwa mtoto,” akasema. “Nyanya yao alimtobolea mwenyewe.” Akaiweka kiganjani mwa kijana. Mimi nilifunga kioo changu, nikaaga. Nilipogeuka njiani niliwaona bado wako pale kwenye benchi, kijana akivuta uzi katika ukingo wa leso ya mama yake.