Mlezi Katika Biashara: Ni Nani, na Tumwendee Vipi?

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Kamati imenitaka nizungumze juu ya kumpata mlezi katika biashara. Juu ya mtaji sitasema mengi, maana mtaji una wasemaji wengi. Nitazungumza juu ya mtu ambaye mfanyabiashara mchanga anaweza kumfunulia daftari lake mezani, naye akalisoma na kumwambia kweli. Kwa maoni yangu, mtu huyo ndiye mlezi. Wengine wote ni watazamaji.

Kwanza tujiulize kwa nini jambo hili ni gumu kwetu. Wengi wetu tuliomaliza hapa katika miaka ya sabini tuliingia serikalini na katika mashirika ya umma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi, pamoja na watumishi wa ngazi za juu na za kati, kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Sisemi hivi kwa kulaumu, kwani Azimio lilikuwa na sababu zake. Lakini matokeo yake ni kwamba watoto wetu walituona tukibeba mafaili, hawakutuona tukihesabu mauzo ya siku. Leo watoto hao wanafungua maduka, karakana na mabanda ya kuku, na nyumbani hawana wa kumwuliza.

Ulezi wa biashara wenyewe si jambo geni katika nchi hii. Wengi tunalijua jina la Sewahaji kwa lile jengo la wodi pale Muhimbili. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo katika karne ya 19, aliyeziandalia misafara bidhaa na wapagazi. Katika biashara yake alifanya kazi kijana aliyetoka India, Allidina Visram. Kijana huyo baadaye alifungua maduka yake mwenyewe katika njia za misafara mpaka Uganda, na hadi alipofariki mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa Afrika Mashariki. Mtu akifanya kazi katika nyumba kama ile huona kwa macho yake jinsi bidhaa inavyopimwa, nani hukopeshwa na nani hunyimwa, na deni linavyodaiwa bila kuvunja urafiki.

Sasa, ndugu zangu vijana, mlezi anachaguliwaje?

Kumbukeni siku mlipofika hapa mkiwa njuka wa kidato cha kwanza. Aliyewasaidia kujua kengele ya chakula na mahali pa kufulia hakuwa kiranja mkuu. Alikuwa yule wa kidato cha pili, aliyepita njia hiyo mwaka mmoja tu kabla yenu na alikuwa bado anaikumbuka. Katika biashara ni vivyo hivyo. Mwenye duka moja asimkimbilie mwenye viwanda vitatu, maana matatizo yao hayafanani. Amtafute mwenye maduka mawili au matatu, aliye katika kazi ile ile au iliyo karibu nayo.

Pili, awe mtu asiyepata wala kupoteza kitu kwa uamuzi wako. Anayekuuzia mashine atakushauri ununue mashine. Anayekukopesha atakushauri ukope. Hao ni watu wa maana katika biashara yako, lakini si walezi wako. 

Tatu, msikilizeni anavyosimulia maisha yake. Asiyekumbuka hasara hata moja, ama amesahau, ama anaficha, na vyovyote vile hatawafaa. Tena sikilizeni anavyosema juu ya watu wengine. Akikupa siri za jirani yake leo, kesho jirani atapewa zako.

Ukishampata, usimwombe eti awe mlezi wako. Hilo ni ombi kubwa na halina mwisho. Mwombe nusu saa, na umpelekee swali moja pamoja na daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mlezi asiye na daftari la kusoma atabaki kukupa methali kama hii.

Nitoe mfano. Fundi seremala anauza kitanda kwa shilingi 250,000. Mbao zimemgharimu 130,000, kwa hiyo anasema amepata faida ya 120,000. Kwa mwezi anauza vitanda vitano, anajihesabia 600,000, na anachukua 300,000 za matumizi ya nyumbani bila wasiwasi. Mlezi akilifungua daftari ataanza kuuliza. Msaidizi analipwa ngapi kwa kitanda? 40,000. Misumari, gundi, msasa na vanishi? 25,000. Usafiri? 15,000. Basi faida kwa kitanda ni 40,000, na kwa vitanda vitano ni 200,000. Toa kodi ya karakana 100,000 na umeme 40,000, zinabaki 60,000. Kumbe kijana huyu anakula mtaji wake shilingi 240,000 kila mwezi, huku mtaa mzima ukimsifu kwa bidii! Mwezi wa sita ataona fedha hazitoshi, atasema tatizo ni mtaji, na ataweka rehani nyumba ya baba yake. Nusu saa ya maswali ingeweza kuiokoa nyumba hiyo.

Jambo la mwisho kwenu vijana: msimgeuze mlezi kuwa mdhamini. Siku utakayomkopa fedha ndiyo siku utakayoanza kumficha daftari, na utakuwa umepoteza mlezi kwa bei ya mkopo. Akikupa shauri, rudi umweleze lilivyokwenda, hata kama hukulifuata. Kinachowachosha wazee ni kushauri mtu kisha wasimwone tena mpaka ana shida mpya. Na biashara ikiyumba, msitukimbie kwa aibu ya kuonekana na mliosoma nao. Mficha uchi hazai.

Kwenu wazee wenzangu nina maneno machache. Mlezi huuliza, haendeshi. Ukianza kumchagulia kijana wateja na kumpangia bei, biashara imekuwa yako na hasara imebaki yake. Tena usione haya kusema, "Hili silijui, nenda kwa fulani." Kwa kazi za viwanda vidogo lipo shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lenye ofisi mikoani na watu wa kutoa mafunzo na ushauri. Kumwelekeza kijana huko nako ni kumlea.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu usiishie katika makofi. Napendekeza Katibu afungue orodha mbili leo kabla hatujala. Ya kwanza iwe ya wenye biashara walio tayari kumpa kijana mmoja nusu saa kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja, kila mtu aandike na kazi anayoifahamu. Ya pili iwe ya vijana, nao waandike kazi yao pamoja na swali moja. Asiye na swali asijiandikishe bado, aende kwanza akaandike daftari.