Mpapindi, Mti wa Pemba Peke Yake



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mti mmoja wa jamaa ya mnazi, ambao kwa asili yake hauoti mahali popote duniani ila katika kisiwa chetu cha Pemba. Mti huo waitwa mpapindi. Yumkini katika ninyi mnaonisikiliza wako wanaoujua vema, hasa watu wa Konde na vijiji vilivyo karibu na msitu wa Ngezi. Lakini wengi wetu twaupita tu, tukidhani kuwa ni mpopoo uliokosa kuzaa vizuri, au pambo lililoletwa na wageni kutoka ng'ambo. Na mti usiojulikana jina, wasikilizaji, haumwoni mtu wa kuusikitikia siku unapokatwa.

Kwanza tutazame jamaa zake walio majumbani mwetu. Mnazi, ambao hatuwezi kuishi bila ya tui lake, asili yake ni ng'ambo ya bahari upande wa mashariki. Mpopoo, ambao popoo zake hutafunwa kwa tambuu, ulitoka Asia. Mchikichi kwao hasa ni Afrika ya Magharibi. Mkindu, mkoche na mwale ni ya huku kwetu Afrika, lakini yaota pia katika nchi nyingine nyingi. Hata mkarafuu, ingawa si wa jamaa hiyo, ni mgeni: kwao ni visiwa vya Maluku, nao uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 ilivuma tufani kubwa iliyoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika zao hilo. Ili kuipata nafasi hiyo, misitu mingi ya Pemba ilikatwa. Basi mgeni alikaribishwa akapewa nyumba nzima, na mwenyeji akasogezwa pembeni hata akabaki ukutani. Ndiyo hali ya mpapindi. Mkarafuu kila mtoto aujua. Mpapindi, ulio mwenyeji, huulizwa jina lake.

Sababu ya Pemba kuwa na mti wake wenyewe ni hii. Kisiwa cha Unguja kimetengwa na bara kwa maji haba, na zamani, wakati bahari ilipokuwa chini zaidi kuliko sasa, kilikuwa kimeungana na bara. Lakini kati ya Pemba na bara uko mkondo wenye kina kikubwa sana, nao umekitenga kisiwa chetu kwa muda mrefu mno. Kiumbe kilichotengwa kwa miaka mingi hubadilika kidogo kidogo hata kikawa aina mbali. Ndiyo maana Pemba ina popo wake mkubwa ambaye hapatikani kwingine, na ina ndege wake, kama vile ninga wa Pemba. Jamaa za karibu za mpapindi wako Bukini, ndiyo Madagaska, na katika visiwa vya Komoro. Afrika bara haimo hata mmoja.

Wataalamu wa mimea waliuandika mti huu katika vitabu vyao kwa jina la Kilatini mwaka 1962. Mtaalamu mmoja wa Marekani, H. E. Moore, aliuita Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukaandikwa Dypsis pembana, na karibuni wataalamu wamerudia lile jina la kwanza. Msitaabike kwa mabadiliko hayo. Neno la mwisho la jina halikubadilika, nalo maana yake ni "wa Pemba". Wanafunzi wangependa kujua kwamba kila mwenye elimu ya mimea duniani, akilitaja jina la mti huu, hulitaja jina la kisiwa chao.

Sasa tuje katika kuutambua, maana ndiyo haja kubwa ya mazungumzo haya. Nitataja alama nne, na kila moja nitailinganisha na mti mnaoujua.

Alama ya kwanza ni shina. Mpapindi hauoti shina moja kama mnazi au mpopoo. Mashina yake hutoka pamoja katika tako moja, kama ndugu wa tumbo moja, nayo ni membamba, yenye pete zilizoachwa na makuti yaliyoanguka. Yaweza kufika mita 12, yaani yapata futi 40.

Alama ya pili ni shingo. Tazama juu ya shina, chini ya makuti. Katika mnazi utaona kilifu, ile nguo ya nyuzi iliyozungushwa juu ya shina. Katika mpapindi hakuna kilifu. Matako ya makuti yamejikunja yakawa kama bomba laini la rangi ya kijani. Mpopoo nao una shingo kama hiyo, kwa hiyo watu huikosea miti hii miwili; lakini kumbuka kwamba mpopoo husimama peke yake kwa shina moja.

Alama ya tatu ni kuti. Kuti la mpapindi ni kama unyoya wa ndege, kwa mfano wa kuti la mnazi. Si kama kipepeo cha mkono kilichokunjuliwa, kwa mfano wa mkoche au mvumo. Wala halina miiba. Ukichomwa na miiba karibu na shina, huo ni mkindu, au pengine ni mchikichi. Na ukiona kuti kubwa ajabu mahali pa kinamasi, na matunda yenye magamba kama ya kakakuona, huo ni mwale.

Alama ya nne ni matunda. Tunda la mpapindi ni dogo, nalo likiiva huwa jekundu la kung'aa. Popoo ni kubwa kuliko hilo mara nyingi.

Hapo iko hatari moja, nami naomba mwisikilize. Katika bustani za hoteli na za majumba ya mjini hupandwa mti mwingine wa jamaa yake, uliotoka Bukini. Nao pia una mashina mengi, na kwa mbali hufanana sana na mpapindi. Lakini mashina ya huo mgeni ni mengi zaidi, yamesongamana. Vikonyo vya makuti yake huelekea rangi ya manjano, hasa juani. Na matunda yake huwa manjano, kisha huingia weusi, wala hayawi mekundu. Anayeuza mche na kusema "huu ni mpapindi" pengine hana nia ya kudanganya, bali hajui. Wewe ujue. Na miti iliyo jamaa ya karibu ikipandwa pamoja yaweza kuchanganya mbegu. Kwa hiyo mbegu iliyookotwa katika bustani yenye miti yote miwili haiaminiki kuwa ni ya mpapindi halisi.

Basi, jinsi ya kuupanda. Kwanza ni mbegu. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, na mambo ya misitu ya Zanzibar yamewekewa sheria ya mwaka 1996. Haifai mtu kuingia msituni na kung'oa miche, wala kuchuma matunda pasipo ruhusa. Nenda kwa maofisa wa misitu, uwaeleze haja yako, uombe idhini ya kuokota mbegu. Mbegu chache zilizoanguka chini zikiokotwa, mti mama haudhuriki, na nyingine hubaki kwa ndege na kwa msitu wenyewe. Lakini mche uking'olewa, umeuondoa mti ambao umekwisha kushinda taabu za kwanza za maisha yake. Na mara nyingi, kwa kukatika mizizi, hufa kabla haujafika kiungani kwako. Hasara mara mbili.

Ukipata matunda mekundu yaliyoiva, yaloweke katika maji siku mbili tatu, kisha yasugue hata nyama yake yote itoke, maana nyama ikibaki huoza na kuleta ukungu. Mbegu zinazoelea juu ya maji, zitupe. Usizianike juani wala usiziweke kabatini mpaka mwaka ujao. Mbegu za namna hii hufa zikikauka. Zipande mara moja katika sanduku au kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga uliochanganywa na udongo mweusi wa majani yaliyooza. Usizizike sana; zifunike kidogo tu. Weka kivuli cha makuti juu yake, na umwagilie maji kila yanapotaka kukauka, lakini udongo usiwe tope.

Hapo ndipo panapotakiwa subira. Mchicha huota baada ya siku chache. Mbegu hizi hukaa mwezi mmoja, miwili, hata mitatu au zaidi. Wengi hukata tamaa wakamwaga udongo siku chache kabla mbegu haijachungulia. Msimwage. Andikeni katika daftari siku mliyopanda, na kila juma mwandike mlichoona.

Mche ukipata majani mawili matatu, uhamishie katika kopo lake peke yake, bila kuvunja mizizi. Uukuze kivulini hata upate nguvu, kisha mwanzo wa masika uutie ardhini. Chimba shimo la futi mbili, ulijaze udongo mzuri na samadi iliyooza. Mpapindi ni mtoto wa msitu wenye unyevu, basi uupe kivuli cha mwembe au cha mkarafuu wakati wa udogo wake, na tandaza majani makavu chini yake. Walio upande wa mashariki, kwenye ardhi ya mawe, itawabidi kuutunza kwa maji zaidi wakati wa kiangazi.

Kisha jueni jambo moja juu ya miti mingi ya jamaa hii. Kila shina lina moyo mmoja tu, nao uko kileleni. Shina la mwembe likikatwa huchipua upande. Shina la mnazi au la mpapindi likikatwa moyo wake, limekufa. Wala shina halizibi jeraha: msumari uliopigwa leo utabaki na tundu lake siku zote. Kwa hiyo msifunge kamba ya kuanikia nguo kwa msumari, wala msiutumie mti kufungia ng'ombe.

Najua kwamba katika wasikilizaji yuko anayeuliza, "Mwalimu, mti huo utanipa nini? Hauna nazi, hauna mafuta, na uwanja wangu ni mdogo." Swali hilo ni la haki, wala sitakuahidi utajiri. Mahali pa mti mmoja pembeni mwa uwanja si mahali pa shamba zima, na minazi yako sisemi uikate. Lakini tazameni wenzetu wa visiwa vya Shelisheli. Wao wana mnazi wao wa ajabu, wenye mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani, uotao kwa asili katika visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse. Hawakuudharau. Wameutia katika nembo ya nchi yao. Bonde lao linaloitwa Vallée de Mai liliwekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1983. Na watu huvuka bahari kwenda kuutazama. Mti ni ule ule uliokuwako siku zote. Kilichozidi ni wenyewe kuujua na kuuthamini.

Nasi pia tumekwisha kuonyesha kwamba twaweza. Mwaka 1989 popo wa Pemba walikuwa karibu kwisha. Walionekana wachache mno. Wanavijiji wakaacha kuwawinda, wakayalinda mahali wanapolala, kama vile Kidike, na kufika mwaka 2008 walihesabiwa kuwa zaidi ya 20,000. Kazi ile haikufanywa na wageni peke yao. Ilifanywa na watu wa vijijini walioamua.

Lakini bustani haiwezi kuwa badala ya msitu. Mtu asije akasema, "Mpapindi uko kiungani kwangu, basi Ngezi na ikatwe." Mti mmoja wa kiungani ni kama ukurasa mmoja ulionakiliwa; kitabu chenyewe ni msitu. Hata leo wenye bustani huko Florida wanaikuza mipapindi, nayo huzaa. Ingekuwa aibu iliyoje ikiwa siku moja mtoto wa Pemba atalazimika kusafiri mpaka Marekani ili auone mti wa kwao!

Basi nawaombeni mambo matatu. Walimu, wafundisheni watoto zile alama nne, na zaidi ya yote tofauti kati ya mpapindi na mpopoo. Wenye viunga, pandeni walau mmoja kwa mbegu halali, na mwandike mbegu ilitoka wapi na siku gani. Nanyi wazee mlio karibu na Ngezi, waambieni vijana kila mnachokijua juu ya mti huu, maana yapo mengi mliyo nayo ambayo hayajaandikwa katika kitabu chochote. Mtu mwema humkaribisha mgeni, lakini hamfukuzi mwenyeji.