Apolo, mpiganaji aliyerudi na amani



Mara nyingi mnatuuliza: kijana aliyetoka porini na silaha, tumpokee vipi? Tumkumbuke Apolo Kivebulaya, Muganda aliyepigana katika vita vya dini huko Buganda. Alibatizwa 1895, na 1896 akafika Boga, Ituri, kuhubiri, kufundisha kusoma na kujenga.

Siku moja dada ya chifu Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa ndani ya mzigo wa nyasi za kujengea, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ameua. Alipigwa, akafungwa Fort Portal. Alipoachiliwa hakulipiza kisasi. Alirudi Boga kwa watu wale wale. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alifariki 1933, akiwa ameomba azikwe kichwa kikielekea msitu wa Kongo, si kwao Buganda.

Ndugu zetu, hatusemi makosa yafunikwe. Aliyeumizwa asikilizwe kwanza. Lakini tusimhukumu mtu kwa uvumi, na anayejua kujenga au kushona apewe kazi. Amani inataka mtu wa kurudi, na watu wa kumpokea.